Waliomchukua Mtoto Walikula Nini?

Muhula huu nimeuliza swali moja darasani mara tatu, na mara zote tatu wenzangu wamecheka. Katika The Road, ile familia inayomchukua mtoto mwishoni ilikuwa inakula nini miaka yote hiyo?

Riwaya hiyo ya Cormac McCarthy ilitoka 2006, filamu ya John Hillcoat ikafuata 2009. Dunia imeungua. Baba na mwanawe wanatembea kuelekea kusini wakisukuma kitoroli cha dukani, bastola yao ina risasi mbili, na karibu kila wanayekutana naye ni wa kukimbiwa, kwa sababu wako watu wanaowafungia wenzao chini ya nyumba wapate kuwala. Baba anakufa. Anatokea mwanamume mwenye mke na watoto wawili, anamchukua yule mtoto. Kitabu kinaisha.

Mimi naona hapo ndipo kilipotakiwa kuanza. Watu wanne wamepita katika majivu yaleyale bila kula mtu, na bado wana nafasi ya mtoto wa tatu! Mwandishi alikuwa nao mkononi akawapa kurasa chache tu. Filamu ilipata nafasi ya kurekebisha, ikawaongezea mbwa.

Wenzangu hunijibu kwamba huo ndio ukweli wa binadamu: ondoa serikali, umeme na duka, utaona meno. Nikiwauliza wameyajuaje hayo, wananitajia filamu nyingine. Tena wananikumbusha kwamba katika majivu yale hakuna kinachoota. Sawa, lakini huo ni uamuzi wa mwandishi. Ameua mimea kwanza, ndipo akauliza watu watafanyaje.

Natoka Kaliua. Ndani ya wilaya yetu kuna Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Bibi yangu mzaa mama alifika hapo akiwa na mimba ya mama yangu. Kwake dunia ilikuwa imekwisha, na hapa sisemi kwa mafumbo: mume, ng'ombe, kilima alichozaliwa, vyote vilikuwa vimekwenda. Aliwekwa kwenye pori la miombo lenye mbung'o, akapewa jembe, mbegu, na mgawo wa chakula wa kungojea mavuno.

Nilipomuuliza habari za mwaka ule wa kwanza, hakunisimulia meno. Alinisimulia ugomvi wa mpaka wa shamba na mama wa jirani, ugomvi uliodumu miaka na miaka, na bado akiueleza anapandisha sauti. Mama huyohuyo ndiye aliyemzalisha. Sisemi walikuwa malaika. Wizi ulikuwepo, njaa ilikuwepo, na makazi yalipojaa kupita kiasi wengine walihamishiwa Mishamo wakaanza upya mara ya pili. Lakini kilichomnyima bibi usingizi hakikuwa jirani. Ilikuwa karatasi. Vyeti vya uraia viliwafikia wengi wao kuanzia 2014, miaka 42 baadaye. Ni filamu gani ya mwisho wa dunia yenye foleni ya vyeti?

Wapo waliokaribia. Station Eleven ya Emily St. John Mandel (riwaya 2014, tamthilia ya televisheni 2021) ina kikundi cha wasanii kinachozunguka kijiji hadi kijiji, na uwanja wa ndege uliogeuka kuwa mji wa watu wanaozoeana na kuchokana. Katika Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya 2009, Asha anabeba mche hadi jangwani akaupanda. Nampenda Asha, ila naye kaenda peke yake, kama kwamba kupanda ni kazi ya mtu mmoja.

Hili linanikera kwa sababu hadithi hizi ni mazoezi. Anayelishwa miaka kumi kwamba mgeni wa njiani ni wa kuelekezewa bastola, siku wageni wakishuka na mabegi yao atakuwa ameshajua la kufanya, na hatakumbuka ni nani aliyemfundisha.

Msimamizi wangu anasema Ulyankulu haiwezi kuingia katika tasnifu ya hadithi za baada ya maangamizi kwa sababu ilitokea kweli. Sura hiyo nimeshaiandika. Inaanza na mgawo wa mbegu.