Vyeti tunavyo, kazi je?

Leo naweka Linux kando kidogo, wasomaji wangu. Serikali inapenda sana kuwafundisha watu wasio na kazi, na siku hizi mafunzo yenyewe yameletwa huku kwetu, kwa watu wa tarakilishi. Ajira Digital ilizinduliwa mwaka wa 2016: watu wafundishwe kuingiza data, kunukuu sauti na kutafsiri, kisha watafute wateja mtandaoni. Wazo zuri tu. Mtu wa Lodwar hana kiwanda cha kumwajiri, lakini mteja wa mtandaoni hamuulizi anaishi wapi.

Shida ni kwamba kazi imehama. Septemba 2022 OpenAI ilitoa Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, tena bure! Nimeiweka kwenye laptopu yangu na Kiingereza inakinukuu vizuri mno. Kiswahili bado inakikoroga, hasa wazee wa kwetu wakizungumza, na hapo ndipo kazi ilipobaki. Kumfundisha mtu leo kunukuu Kiingereza ni kumshindanisha na kitu kisichokula wala kulala.

Sasa tazameni KYEOP, mradi mwingine wa 2016, uliopata dola milioni 150 za Benki ya Dunia (ni mkopo, tutalipa sisi). Baadhi ya vijana walipelekwa kwa mafundi wa jua kali wajifunze kazi kazini, wakalipwa posho. Fundi ana wateja tayari. Anayejifunza kwake anaonekana mtaani, anajulikana, anatumwa. Darasa la tarakilishi haliwezi kumpa mtu hayo.

Binamu yangu ana vyeti viwili vya kazi za mtandaoni. Anachotafuta ni bando na mteja wa kwanza.

Ripoti nyingi ninazosoma huhesabu waliohitimu. Sisi waandishi wa programu tunajua upuuzi wa kumpima mtu kwa idadi ya mistari aliyoandika. Kwa nini basi kituo kilipwe fedha zote siku ya kugawa vyeti? Kilipwe nusu siku hiyo, na nusu baada ya miezi 6, mhitimu akionyesha, kwa hiari yake, pesa za kazi zilizoingia kwenye M-Pesa.

Najua, vituo vitaanza kuchagua werevu wa mjini. Basi nusu hiyo ya pili iwe kubwa zaidi Turkana kuliko Nairobi.