Nancy Hakuwa Mjinga

Katika semina moja ya riwaya, mwenzangu alidai kwamba Nancy, yule mhusika wa Charles Dickens katika Oliver Twist (1837–1839), ni mjinga asiyestahili kuhurumiwa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Tukumbuke kisa chenyewe. Nancy, aliyefunzwa wizi na Fagin tangu utotoni, anamnywesha Bill Sikes dawa ya usingizi ili apate mwanya wa kwenda kumwokoa Oliver. Rose Maylie anamwahidi mahali salama. Anakataa, anarudi kwa Sikes yule yule anayempiga. Kwa mwenzangu, kesi imekwisha hapo.

Lakini angekwenda kwa nani? Genge ndilo ukoo wake. Tena katika ukoo huo hakuna aliyesalimika na hofu, hata wakubwa. Fagin anamwogopa Sikes. Sikes naye anajua kwamba neno moja la Fagin litamfikisha kitanzini. Mapema katika riwaya, mzee huyo anafungua kisanduku chake cha vito na kufurahi kwamba wenzake walionyongwa walikufa bila kumtaja. Kinachoitwa uaminifu katika genge, basi, ni kamba ambayo kila mmoja amemvisha mwenzake shingoni.

Nancy ndiye pekee asiyeivuta. Anapokutana na Brownlow kwenye London Bridge, anamtoa Monks, ila Fagin anakataa katakata kumtoa: wenzake wangaliweza kumgeuka zamani, nao hawakumgeuka. Noah Claypole, aliyetumwa na Fagin, anasikiliza gizani. Habari zinazomfikia Sikes hazina sehemu hiyo ya maneno yake, na Nancy anauawa kwa kupigwa.

Mtazame na mbwa wa Sikes. Anapigwa, anatoroka bwana wake anapotaka kumzamisha majini, kisha anamrudia na kufa pamoja naye. Huyo sijasikia akiitwa mjinga, husifiwa.

Walikuwapo zamani waliosema kwamba mapenzi ya Nancy hayaaminiki, naye Dickens akawajibu katika dibaji ya 1841 kwamba ni ya kweli. Sisi tuliokulia katika mitaa ya Nairobi hatukuihitaji dibaji hiyo. Jirani yetu mmoja alimfulia nguo kijana aliyempiga, akawadanganya polisi kwa ajili yake usiku, na asubuhi akaenda sokoni kama kawaida, jicho limevimba. Alimpenda? Naam. Alimwogopa? Naam. Tangu shule ya upili tumezoea kuorodhesha sifa za wahusika, huyu mtiifu, yule mwoga, alama mbili mbili, na mazoea hayo tumeyabeba hadi chuoni. Orodha ya namna hiyo haina pa kumweka jirani yangu, wala Nancy.

Mwenzangu bado anashikilia lake. Nimemwomba asome tena ile sura ya darajani kabla ya semina ijayo.