Madarasa pekee hayatamnusuru mtoto maskini

SERIKALI ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi mnamo Januari 2003, watoto wa chekechea waliachwa nje ya mpango huo. Wazazi wengi maskini walionelea heri mtoto akae nyumbani hadi afikishe umri wa kuingia darasa la kwanza, ambako masomo yalikuwa ya bure.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu hiyo, pamoja na vituo vya kulelea watoto. Tangu 2013 magavana wamejenga madarasa na kuajiri walimu, na kwa hilo wanastahili pongezi. Vituo vya malezi, hata hivyo, vimesahaulika. Darasa huzinduliwa kwa mbwembwe. Kikombe cha uji hakikatiwi utepe.

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi mno kabla hajatimiza miaka mitatu, ilhali chekechea humpokea akiwa na minne. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulibainisha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni nafuu kuliko asilimia 26 ya mwaka wa 2014, lakini Kilifi ilikuwa na asilimia 37.

Mama anayefua nguo za watu akitokea Mukuru, jijini Nairobi, humwacha mwanawe kwa jirani anayelea watoto chungu nzima chumbani mwake. Bajeti za kaunti zinapojadiliwa, madiwani waulizwe wamewatengea watoto hao shilingi ngapi.