Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Jua likituapo msafiri hujiuliza atalala wapi. Kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani swali hilo lilikuwa zito mno miaka ya zamani. Hata aliyekuwa na fedha na motakaa yake alikataliwa katika nyumba nyingi za wageni kwa ajili ya rangi ya ngozi yake.

Bwana Arthur George Gaston aliijua taabu hiyo. Alizaliwa Alabama mwaka 1892, mjukuu wa watumwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi mgodini, na huko akajifunza kutazama haja za wenziwe. Alipoona wanatamani chakula kizuri, akawauzia kilichopikwa na mamake. Alipoona wafiwa wakichangisha fedha za maziko, akaanzisha chama cha maziko mwaka 1923, ambacho baadaye kilikua kuwa kampuni ya bima.

Mwaka 1954 akafungua mjini Birmingham moteli yenye jina lake. Humo msafiri mweusi alipata kitanda safi, chakula na heshima.

Mwaka 1963 Dakta Martin Luther King alikaa humo, chumba nambari 30, akishauriana na wenzake namna ya kuuondoa ubaguzi. Bwana Gaston alipendelea mazungumzo kuliko maandamano, na kwa hiyo wengine walimlaumu. Walakini Dakta King na Ralph Abernathy walipofungwa mwezi wa Mei, ni yeye aliyetoa dola 5,000 za dhamana. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 11, bomu likalipuliwa motelini.

Sheria ya mwaka 1964 ikafungua milango ya hoteli zote, na wateja wake wakatawanyika. Ajabu ya hasara hiyo ni kwamba ililetwa na ushindi uliopangwa ndani ya vyumba vyake mwenyewe.

Bwana Gaston alifariki mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 103. Mwaka 2017 moteli ile ikatiwa katika kumbukumbu za taifa.

Vijana wanaotaka kufanya biashara na wayatafakari haya. Wengi huuliza, "Niuze nini?" Yeye alitazama kwanza jirani yake amepungukiwa na nini, na faida ikafuata nyuma.