Nani Aliwapaka Rangi Askari wa Plastiki?

Wako watu wazima katika Marekani na Uingereza, wenye nyumba, wake na mishahara, ambao hutumia akiba yao kununua wanasesere wa zamani. Hatusemi habari ya watoto. Twasema habari ya fundi wa umeme, mwalimu, dereva wa gari la mizigo na karani wa benki, ambao siku ya mapumziko husafiri mwendo mrefu kwenda kuonana na wenzao katika ukumbi uliokodiwa, wakaketi kuchunguza kwa kioo cha kukuzia mguu wa mtu wa plastiki anayetoshea katika kiganja. Asiyejua mambo haya hucheka. Sisi nasi tulicheka tulipoelezwa mara ya kwanza. Lakini kicheko si hoja, na jambo lolote linalowakutanisha maelfu ya watu kwa hiari yao, pasipo ujira, lastahili kuchunguzwa kabla ya kubezwa.

Mgala muue, lakini haki yake mpe. Tuliyoyaona katika kazi ya wakusanyaji hawa yatuhusu sisi wafanya kazi kuliko tulivyodhani. Na lipo jambo moja walilolisahau, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mwanzo wa mambo ulikuwa mwaka 1963. Mtu mmoja jina lake Stan Weston, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza haki za majina na picha, aliipelekea kampuni ya Hassenfeld Brothers ya Pawtucket, Rhode Island, rai ya kutengeneza askari wa kuvalishwa na kuvuliwa nguo. Kampuni hiyo ndiyo Hasbro ya leo. Don Levine, mkuu wa uundaji wa bidhaa, aliipokea rai hiyo, na mwaka 1964 G.I. Joe akatoka madukani: urefu wake inchi 11½, viungo vyake vyapinda, na shavuni ana kovu. Weston alilipwa dola 100,000 kwa mkupuo mmoja, wala hakupata fungu katika mauzo yaliyofuata. Wakuu wa kampuni walijua kwamba baba wa Kimarekani hatakubali kumnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Kwa hiyo neno hilo lilipigwa marufuku, likawekwa jingine mahali pake, “sanamu ya vitendo”. Kitu ni kile kile. Ni haya ya akina baba tu iliyotafutiwa vazi. Kovu nalo halikuwa la vita. Umbo la mwanadamu haliwezi kumilikiwa na kampuni, lakini kovu laweza, na ukucha wa dole gumba uliochongwa kwa makosa upande wa ndani uliachwa vile vile ili kuwanasa waigaji.

Mwaka 1966 askari huyu alivuka bahari akaitwa Action Man, akatengenezwa na Palitoy katika Coalville, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Leicestershire. Waingereza ndio waliobuni namna ya kumwotesha nywele fupi kichwani mwaka 1970, na Wamarekani wakaiga kwao. Alidumu mpaka 1984.

Kisha mwaka 1977 ikaja sinema ya Star Wars, na hapo ndipo mambo yalipoenea. Haki ya kutengeneza sanamu zake ilikuwa mikononi mwa Kenner ya Cincinnati, ambayo ilimilikiwa na General Mills, wasaga unga. (Msomaji asistaajabu. Mwenye mtaji hajali kama mashine yasaga ngano au yamimina plastiki.) Sinema ilipendwa kupita matazamio yote, Krismasi ikakaribia, na sanamu hazikuwa tayari. Basi Kenner iliuza bahasha ya karatasi ngumu, ndani yake mna cheti chenye ahadi ya sanamu nne zitakazoletwa kwa posta mwaka ujao. Watoto walifungua zawadi wakakuta ahadi. Sanamu zilifika mwaka 1978, urefu inchi 3¾, na dukani moja iliuzwa kwa kadiri ya dola 2. Mpaka 1985 zilikuwa zimekwisha uzwa kwa mamilioni mengi.

Watoto wale walikua. Walipoanza kupata mishahara, walitafuta vile walivyopoteza au ambavyo mama zao walivigawa, na katika kutafuta walikutana. Jumuiya yao haina serikali wala askari, lakini sheria inazo. Anayemuuzia mwenziwe bunduki ya kuigiza akasema ni ya asili, habari zake huenea upesi, na hapati tena mnunuzi. Bunduki hizi ndogo, ambazo kila mtoto alizipoteza siku ya pili, ndizo zinazoigizwa kuliko vitu vyote. Kwa hiyo walio wazee katika jambo hili huwafundisha wageni: itie majini uone kama yaelea, idondoshe mezani usikilize mlio wake, tazama ukingo wake ulivyokatwa. Hakuna jaribio moja linalotosha, nao huwaambia hivyo. Mafunzo haya hutolewa bure. Tungependa kuona vyama vingi vya watu wenye shughuli kubwa zaidi vikifundishana kwa moyo huo.

Lakini elimu yao iliyo kuu imo nyuma ya miguu ya sanamu. Hapo pana maandishi madogo mno: mwaka, herufi G.M.F.G.I. za mwenye mali, na mara nyingi jina la mahali, Hong Kong, Taiwan, Macau au China. Wakusanyaji wamezipanga tofauti hizi kwa subira ya mtawa. Wanamjua Luke mwenye nywele za manjano na yule mwenye nywele za kahawia. Wanamjua Han Solo wa kichwa kidogo na Han Solo wa kichwa kikubwa. Wanamjua Jawa wa kwanza, aliyevaa joho la plastiki kabla kampuni haijambadilishia likawa la kitambaa. Wataziweka mbele yako sanamu mbili ambazo kwako ni pacha, wakakuonyesha kwamba kila moja ilitoka katika kalibu yake. Hakuna bodi ya wakurugenzi iliyojishughulisha kuweka daftari kama hili. Kenner yenyewe ilimezwa na Tonka mwaka 1987, Tonka ikamezwa na Hasbro mwaka 1991, na ofisi za Cincinnati zikafungwa mwaka 2000. Makaratasi na vielelezo vingi vilivyosalia vimesalia kwa kuwa wapenzi hawa walivinunua kwa watumishi wa zamani, la sivyo vingekwenda jaani.

Basi hapa ndipo tunapowashika mkono tukawauliza. Wamjua Jim Swearingen, mbunifu wa Kenner aliyezishughulikia sanamu za kwanza. Wamjua Mark Boudreaux, aliyebuni chombo cha Millennium Falcon cha kuchezea. Wabunifu hawa hualikwa mikutanoni, hupigiwa makofi, na huombwa saini zao. Ni vyema, fundi apewe sifa yake. Lakini neno Hong Kong lililo mguuni si jina la mtu. Ni nani aliyesimama penye mashine iliyomimina plastiki ya moto? Ni nani aliyelitia doa la rangi katika jicho la Princess Leia, kisha akalitia jingine, na jingine, mpaka kengele ikalia?

Rangi haikujipaka. Sehemu nyingine ilipulizwa kupitia kibati chenye tundu, na nyingine ilipakwa kwa brashi na mkono wa mtu. Nyusi iliyopanda kidogo, ambayo mkusanyaji huiona kuwa jambo la kipekee akailipia zaidi, huenda ni alama ya mkono uliochoka saa kumi na moja ya jioni. Wanazihesabu alama za mkono, na mwenye mkono hawamtaji. Sisi tuliochezea vigari vya waya tulivyovisokota wenyewe hatukuwa na haja ya kumtafuta fundi wake, lakini mtoto wa Ohio angemjuaje wa kwake?

Nao hawakuwa wachache. Katika miaka ya 1970 Hong Kong ilikuwa imeipita Japani kwa kuuza vitu vya kuchezea katika nchi za nje. Wengi wa waliovifanya walikuwa wasichana na akina mama, na kazi nyingine ilipelekwa nyumbani, ikafanywa mezani baada ya chakula cha usiku, mzazi na watoto pamoja. Tusiseme kwamba watu hao hawakuwa na sauti. Machafuko makubwa ya Hong Kong ya mwaka 1967 yalianzia katika mgogoro wa kazi kwenye kiwanda cha maua ya plastiki huko San Po Kong. Baadaye, China ilipofungua milango yake mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vilianza kuhamia Guangdong ambako ujira ulikuwa mdogo zaidi, na alama ya mguuni ikabadilika. Mkusanyaji huyaita mabadiliko hayo “toleo jingine”. Kwa mwanamke wa Hong Kong yalikuwa ni kukosa kazi.

Sasa tutazame bei. Mwaka 1979 Kenner iliahidi kumleta kwa posta Boba Fett, mwenye kombora mgongoni lililofyatuka kweli. Katika majira ya Krismasi iliyotangulia, kati ya 1978 na 1979, mtoto mmoja alikuwa amekufa kwa kupaliwa na kombora dogo la chombo cha kuchezea cha kampuni nyingine. Kenner ilighairi, kombora likagandishwa mahali pake, na picha ya mfyatuko ikafunikwa kwa kipande cha karatasi katika matangazo. Vielelezo vichache vilivyokwisha fanywa havikuuzwa dukani kamwe. Mwaka 2024 kimoja, kilichopakwa rangi kwa mkono, kiliuzwa katika mnada wa Heritage huko Dallas kwa dola 525,000. Hatumwonei kijicho aliyenunua. Ila twaomba ifahamike kilichonunuliwa ni nini: ni kitu kilichozuiwa ili watoto wasife.

Kwa waliovitengeneza vitu vya kuchezea hapakuwa na uangalifu kama huo. Tarehe 10 Mei 1993 kiwanda cha Kader, katika mkoa wa Nakhon Pathom nchini Thailand, kilishika moto. Kilikuwa kikifanya wanasesere na vitu vingine vya kuchezea kwa ajili ya kampuni za Marekani. Watu 188 walikufa, wengi wao wanawake vijana. Jengo halikuwa na kinga ya moto ya kutosha, milango ilikuwa imefungwa, na ngazi zikaanguka. Mwezi Novemba mwaka huo huo kiwanda kingine, cha Zhili huko Shenzhen, kiliwaka, na 87 wakafa. Vitu vya miaka ile ya 1990 sasa navyo vimeanza kuitwa vya kale, na kupanda bei.

Tutaambiwa kwamba mpenzi wa sanamu hakukifunga kile kitasa. Ni kweli, hakukifunga, wala hatukumshitaki. Tutaambiwa pia kwamba watu hawa wanapenda kumbukumbu za utoto wao, si historia ya viwanda. Hilo hatulikubali, kwa kuwa matendo yao yenyewe yalikanusha. Tazama wanavyowatukuza waigaji. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Poland na Hungary, ambako sanamu halisi zilikuwa adimu, walijitengenezea kalibu zao wakamimina askari wa Star Wars wenye rangi zisizokuwamo katika sinema yoyote. Huko Uturuki kampuni ya Uzay ilitoa za kwake, na mmoja wao ikamwita Blue Stars. Kwa sheria za hataza huo ulikuwa wizi. Lakini wakusanyaji wamezitafuta sanamu hizi kwa juhudi kubwa, wakauliza zilifanywa wapi, kwa plastiki gani, zikauzwa katika soko gani. Basi hamu ya kumjua mtengenezaji wanayo. Wameielekeza kwa yule wa ajabu, wakampita yule aliyetengeneza mamilioni.

Na muda si mwingi. Msichana aliyekuwa na miaka 20 penye meza ya rangi huko Hong Kong mwaka 1978 sasa amekwisha pita 65. Waliofanya kazi Palitoy ni wazee, na wengine bado wako Coalville. Jumuiya iliyoweza kusafiri nchi hata nchi kutafuta bahasha ya karatasi ya mwaka 1977 haishindwi kupata mkalimani wa Kikantoni, kalamu na daftari. Waulize ujira ulikuwa kiasi gani, kazi ilianza saa ngapi, rangi ilinuka vipi, nani alikuwa msimamizi, na kama walipata kuiona ile sinema. Katika mikutano yao ijayo, mahali ambapo mbunifu huketi akitia saini, iwekwe meza ya pili.