Tiba ya kinga inahitaji jumuiya iliyo macho



Hapa Igawa, kando ya barabara kuu, tumezoea kuwasindikiza wagonjwa wetu wa saratani hadi kituo cha basi waendapo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wakirudi, jumuiya ndogo ndogo huwapokea kwa sala. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Yatupasa pia tujue dawa waliyopewa inafanya nini mwilini.

Mojawapo ya tiba za saratani ni tiba ya kinga. Kinga ya mwili ina breki zake, na saratani hujua kuzikanyaga ili isishambuliwe. Dawa hizi huziachia breki hizo. Wagunduzi wa njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alitibiwa hivyo mwaka 2015 saratani ya ngozi ilipokuwa imefika kwenye ubongo. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 100. Tusiseme ni mambo ya ughaibuni tu. BCG, ile chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu, hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za kibofu cha mkojo.

Hata hivyo, tiba hii haiwafai wagonjwa wote, na gharama yake ni mzigo mkubwa kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali. Tena, kila dereva aliyeshuka Kitonga anajua gari lisilo na breki linavyoweza kuleta maafa. Kinga iliyoachiwa huweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, ngozi au tezi ya shingo. Mgonjwa huharisha, hukohoa, hubanwa pumzi, huwashwa au huchoka kupita kiasi, pengine miezi kadhaa baada ya sindano.

Hapo ndipo tunapokosea. Mmoja husema karogwa. Mwingine huleta mitishamba ya "kuongeza kinga", wakati tatizo ni kinga iliyozidi. Mwingine humshauri aache dawa, abaki na maombi. Madhara haya mengi hutibika yakiwahiwa. Yakicheleweshwa huweza kuua.

Tunapendekeza kila jumuiya imteue mtu wa kumtembelea mgonjwa, kumuuliza hali bila kumwonea haya, kutunza namba ya simu ya daktari wake, na kuchanga nauli mapema badala ya kusubiri rambirambi.

Mpako wa Wagonjwa haushindani na hospitali. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumwomba Mungu na pia kumpa tabibu nafasi yake. Tuyashike yote mawili. Mgonjwa akituambia anaharisha kwa siku ya pili, sala yetu ianze, na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo.