Mawe ya figo yanarudi, kalsiamu haipimwi



Dada yangu anaishi Bombambili, hapa Songea. Kwa miaka kadhaa kila alipokwenda kutibiwa alirudi na ugonjwa mwingine. Uchovu na kukosa choo vikaitwa vidonda vya tumbo. Kukojoa kila mara, UTI. Mawe ya figo yakatolewa, yakarudi, akaambiwa anywe maji mengi. Mifupa ilipoanza kumuuma aliandikiwa vidonge vya kalsiamu, bila mtu kupima kalsiamu aliyokuwa nayo tayari kwenye damu. Ilipokuja kupimwa, ilikuwa imezidi.

Chanzo kilikuwa shingoni. Nyuma ya tezi ile ambayo ikivimba tunaita goita, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, vinavyosimamia kalsiamu mwilini. Kimoja kikiota uvimbe, hutoa homoni kupita kiasi. Mifupa inanyang'anywa madini, na mengine yanaishia kwenye figo na kuwa mawe. Shingo haivimbi, homa hakuna, kwa hiyo kila dalili inatibiwa kivyake.

Huu si ugonjwa mpya wala si wa kushindikana. Huko Vienna, daktari Felix Mandl alimfanyia upasuaji kondakta wa tramu mwenye uvimbe wa aina hii mwaka 1925, na leo mpasuaji aliyeuzoea huponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Nchi zinazopima kalsiamu pamoja na vipimo vya kawaida vya damu huugundua mapema. Sisi tunasubiri mfupa uvunjike.

Lakini kilichonikera zaidi ni pale majibu ya dada yangu yalipotoka. "Imepanda kidogo tu," tuliambiwa, karatasi ikaingia kwenye faili. Kidogo! Kalsiamu ikipanda, vitezi hivyo vinatakiwa vitulie. Homoni yake isiposhuka, hata kama inasomeka ya kawaida, hapo pana jambo. Kuipima homoni hiyo kulitupeleka Dar es Salaam, kwa fedha za mahindi, na upasuaji bado anausubiri.

Sidai kila zahanati ya Ruvuma iwe na mashine ya homoni. Ninachodai ni kwamba mtu ambaye mawe ya figo yanamrudia, au aliyevunjika mfupa kwa kuteleza tu, apimwe kalsiamu kabla ya kupewa vidonge, na ikiwa juu aandikiwe rufaa siku hiyohiyo.

Mkazi wa Bombambili,
Songea